Umeme Unaotoka Lazima Urudi

Hotuba kwa mafundi umeme, wamiliki na madereva wa malori ya zamani ya jeshi, jijini Mwanza. Tunaiweka hapa yote, kama ilivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mwangaluka! Ndugu mafundi, ndugu wamiliki, madereva wetu, na ninyi vijana matingo mliokaa nyuma karibu na mlango: sogeeni mbele, maana leo ninyi ndio mtakaoshika mita. Wazee mliotutangulia kwenye kazi hii, shikamoni.

Malori tunayoyazungumzia mnayajua. Bedford MK na MJ za jeshi la Uingereza, Leyland DAF iliyokuja baada yake, M35 ya Wamarekani yenye tairi 10, Ural na ZIL za Warusi. Yalitengenezwa kubeba askari na zana. Lori la namna hiyo likishatoka jeshini linabeba mawe ya msingi, mchanga, magunia ya mpunga kutoka Magu, dagaa kutoka mialoni. Injini zake ngumu, chesisi zake ngumu. Sasa niwaulize: kinachoyalaza njiani ni nini? Mara nyingi ni umeme. Na kwenye umeme huo, mara nyingi betri ni nzima, stata ni nzima, olteneta ni nzima. Kilichokufa ni njia.

Kwa hiyo nina neno moja leo, na nitalirudia mpaka mlichoke nalo: umeme unaotoka lazima urudi. Kila amperi inayotoka kwenye kichwa cha chanya ina safari ya kurudi kwenye kichwa cha hasi. Sisi mafundi tunaihudumia safari ya kwenda, tunaisahau ya kurudi.

Kabla ya yote, jueni mmesimama mbele ya lori la volti ngapi. Bedford MK na MJ, Leyland DAF, M35, Ural-4320: haya ni ya volti 24, yaani betri 2 za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, chanya ya moja ikiungwa na hasi ya nyingine. ZIL-131 na GAZ-66 ni ya volti 12. Tena yapo magari ya Uingereza ya zamani kabisa yaliyofungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Fundi anayefika na betri mpya begani bila kuangalia ni kichwa kipi kimeshikwa na chesisi anaweza kuunguza daiodi za olteneta kabla hajamaliza kukaza nati. Angalieni kwanza, fungeni baadaye.

Haya, tuanze na ethi, yaani ile njia ya umeme kurudi betri kupitia chesisi.

Pateni picha. Lori linabeba mawe ya ujenzi. Asubuhi stata inazunguka kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia, halafu inanyamaza. Mwenye lori ananunua betri 2 mpya za N100, zile za amperi-saa 100. Wiki ya kwanza mambo mazuri, wiki ya pili ugonjwa unarudi. Stata inashushwa, inawekwa kaboni mpya na bushi mpya. Siku tatu, ugonjwa unarudi. Olteneta nayo inabadilishwa. Hela ya tairi mbili imeshakwenda. Halafu siku moja utingo ameinamia injini wakati dereva anapiga stata, mkono wake unagusa ile kebo ya kuvuta kuzimia injini. Anaruka. Kebo ni ya moto!

Kwa nini kebo ya kuzimia iwe ya moto? Nani ananijibu?

Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha injini na chesisi ni mkanda mmoja wa shaba uliosukwa, wenye urefu wa kiganja na nusu hivi. Siku klachi ilipobadilishwa, mkanda ule ulifunguliwa, ukawekwa pembeni, haukurudishwa. Stata ya lori inaweza kuvuta amperi 300 na zaidi. Amperi hizo zilitoka, na zilipotaka kurudi zikakuta mlango umefungwa. Zikapenya palipo na upenyo: kebo ya kuzimia, kebo ya mita ya mwendo, bomba la mafuta. Betri mpya haikuwa na kosa. Stata haikuwa na kosa. Umeme unaotoka lazima urudi, na ukikosa barabara utapita shambani kwa watu.

Vipimo vyake ni hivi, andikeni. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse kichwa cha hasi cha betri, risasi yenyewe, wala siyo kibano kilichokishika. Ncha nyekundu iguse bodi ya stata mahali palipokwanguliwa. Vuta kebo ya kuzimia ili injini isiwake, mwenzako apige stata sekunde 3 hadi 5. Mita ikisoma 0.2 au 0.3, ethi yako ni nzima. Ikipita 0.5, kuna kazi. Ikisoma 3? Volti 3 mara amperi 300 ni wati 900. Hiyo ni pasi ya umeme iliyowashwa mahali fulani kati ya stata na betri, na kila wati ya pasi hiyo stata imenyang'anywa.

Kisha fanya vivyo hivyo upande wa chanya: kutoka kichwa cha chanya cha betri hadi bolti ya stata inapoingilia kebo kubwa. Nako isizidi 0.5. Mwisho pima betri zote mbili kwa pamoja huku stata inazunguka. Zikishuka chini ya volti 19 wakati njia zote ni safi, hapo sasa, na hapo tu, una ruhusa ya kuzilaumu betri.

Na kusafisha ethi? Watu wengi wanakaza nati, wanaona haizunguki, wanaondoka. Fungua! Malori haya yamepakwa rangi mara nyingi jeshini, rangi juu ya rangi, na bolti ya ethi nayo ikapakwa pamoja na kila kitu. Kwa nje inapendeza. Ukiing'oa lagi, kile kichwa cha shaba cha waya, unakuta unga chini yake: wa kijani upande wa shaba, wa kahawia upande wa chesisi. Chukua kisu, chubua mpira wa waya sentimita 2 nyuma ya lagi uangalie nyuzi. Zikiwa nyeusi kama zimepikwa, kata. Zikiwa bado nyeusi, kata tena, mpaka ukutane na shaba nyekundu inayong'aa. Bana lagi mpya kwa koleo la kubania au presi, usigonge kwa nyundo. Kwangua chesisi kwa tupa na msasa mpaka chuma cheupe kionekane, duara pana kidogo kuliko lagi. Lagi ikae juu ya chuma moja kwa moja, washa yenye meno ije juu ya lagi, kisha nati. Kaza. Ukishakaza ndipo unapaka mafuta ya mgando au grisi juu ya kiungo chote ili unyevu usiingie. Ukipaka rangi kabla ya kukaza, umerudi pale pale jeshi lilipokuacha.

Lori linahitaji ethi 3 za uhakika: betri hadi chesisi, chesisi hadi injini, chesisi hadi kebini. Mbili za kwanza ziwe waya wa milimita za mraba 70, ya kebini 16 inatosha. Kama ukitoka hapa na kazi moja tu ya kufanya kesho, iwe hiyo.

Sasa twende kwenye betri, na tamaa ya volti 12.

Dereva wa siku hizi anataka redio na chaji ya simu. Lori ni la volti 24, vifaa ni vya volti 12. Fundi wa haraka anaona betri mbili zimekaa pamoja, anavuta waya katikati, kwenye kile kiungo kati ya betri ya kwanza na ya pili. Volti 12 hiyo hapo! Redio inalia, dereva anafurahi, fundi analipwa.

Mnajua kinachoendelea baada ya hapo? Betri iliyo upande wa chesisi inaliwa na redio kila siku, mwenzake haliwi. Ikija saa ya kuchaji, chaji inapita kwenye zote mbili sawasawa, maana zimefuatana. Olteneta inaangalia jumla tu, inataka volti 28. Ile iliyoliwa inasimama kwenye 12.8. Toa 12.8 kwenye 28: inabaki 15.2 kwa mwenzake. Betri ya asidi ikichajiwa kwa 15.2 siku baada ya siku inachemka. Utanusa harufu ya yai viza, utaona maji yanaisha kila wiki, betri inavimba mbavu. Moja inakufa kwa njaa, nyingine inakufa kwa kushiba, na zimelala kitanda kimoja. Mwenye lori anaambiwa betri ni feki.

Dawa yake ni konveta ya kushusha 24 kwenda 12. Ya amperi 10 inatosha redio na simu. Iingie kwa waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya amperi 10 upande wa 24, fyuzi ikae karibu na betri. Ifungwe kwenye bati la kebini ili joto lipate pa kwenda, mbali na injini. Vifaa vya kufuatilia gari vingi vimeandikwa 9–36V. Hivyo vinakula 24 moja kwa moja, havihitaji konveta. Someni maandishi yaliyo kwenye kifaa.

Betri 2 za mfuatano ni ndoa. Zinunuliwe siku moja, ziwe za aina moja, ukubwa mmoja. Usioe mpya kwa kuukuu, kuukuu itaivuta mpya chini. Kila mwezi, lori likiwa limelala usiku kucha, pima kila moja peke yake: 12.6 au 12.7 imeshiba, 12.2 iko nusu, chini ya 12 iko taabani. Tofauti kati yao ikizidi 0.2, tafuteni sababu. Mwenye haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, apime kila chumba: 1.265 hadi 1.280 ni chaji kamili. Chumba kimoja kikibaki 1.150 wakati wenzake wamefika, chumba hicho kimekufa, na betri imekwenda nacho.

Maji ya kuongeza ni maji ya betri. Nasema hivi tukiwa kando ya ziwa lenye maji ambayo macho hayafiki mwisho wake, na nasema kwa mkazo: maji ya ziwa hapana, ya bomba hapana, ya kunywa ya chupa hapana, hata yaliyochemshwa hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi madini, na madini ndiyo yanayoua sahani. Ongeza baada ya kuchaji, yafunike sahani kwa milimita 10 hadi 15, basi.

Nipitie kidogo suala la kubusti. Malori mengi ya jeshi haya yana soketi nene ya pini moja katikati na duara kuizunguka. Pini ni chanya, duara ni hasi. Ni ya kupokea volti 24 kutoka kwa lori jingine la volti 24. Msibusti kutoka kwenye Noah, gari dogo la volti 12. Mkitumia kebo za kawaida, kibano cha mwisho kifungwe kwenye chesisi, mbali na betri, maana betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inatosha kuipasua usoni mwa mtu. Asidi machoni haina mchezo.

Na wale wanaosema stata inamaliza betri, pigeni hesabu nami. Amperi 300 kwa sekunde 10 ni chini ya amperi-saa 1. Taa zilizosahauliwa zinazokula amperi 8 kwa saa moja ni amperi-saa 8. Zamani, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kuanza kutumika mwaka 2025, dereva aliyesubiri kivuko usiku akiwa amewasha taa na redio alikuwa akila betri yake akiwa amekaa, kisha akiilaumu stata alfajiri.

Ndugu zangu, taa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanakufa.

M35 ina swichi ya taa yenye vishikio 3: cha taa kuu, cha taa za dashibodi, na cha kufungulia, ambacho usipokishika kile kikuu hakiendi kwenye taa za barabarani. Wanajeshi walitaka hivyo ili mtu asiwashe taa kubwa kwa bahati mbaya mbele ya adui. Kishikio kikuu kina nafasi iliyoandikwa OFF, nafasi za taa za mficho, nafasi ya STOP LIGHT, na ya SERVICE DRIVE. Sasa sikilizeni: kishikio kikiwa OFF, taa za breki haziwaki. Haziwaki kabisa. Kikiwa kwenye mficho, kinawaka kitaa kidogo ambacho mchana hukioni hata ukiinama.

Lori linashuka Igoma mchana kweupe, limejaa mchanga. Dereva anakanyaga breki. Nyuma yake kuna bodaboda amebeba mama na mtoto. Bodaboda anaangalia nini? Anaangalia taa za breki. Haoni kitu. Fundi ameshabadilisha balbu mara mbili, amebadilisha swichi ya breki, amepima waya, kila kitu kizima. Na kweli ni kizima! Kishikio kiko OFF, kwa sababu dereva amezoea gari la kawaida, ambalo mchana taa zinazimwa na taa ya breki inawaka yenyewe.

Fanyeni moja kati ya mawili. La kwanza, andikeni kwa Kiswahili juu ya dashibodi, herufi kubwa, rangi nyeupe: MCHANA WEKA HAPA, na mshale kwenye STOP LIGHT. La pili, kwa lori ambalo halirudi tena jeshini, vuteni waya wa breki kutoka kwenye fyuzi yake ya amperi 10 kwenda swichi ya breki, kisha swichi ya indiketa na taa za nyuma, bila kupita kwenye vishikio. Nalipendelea la pili. Maandishi yanafutika, dereva anabadilika. Malori ya Uingereza nayo yana swichi yake ya taa za msafara. Kabla hujabadilisha balbu yoyote nyuma, jua swichi hiyo iko wapi na imeelekea wapi.

Taa za mbele ni habari nyingine. Umeme wa taa kubwa kwenye malori haya unatoka betri, unaingia kebini, unapita swichi, unapita swichi ya kubadilisha mwanga, unarudi mbele hadi taa. Mita 6 au 7 za waya wa zamani na viungo zaidi ya 10. Pima kwenye balbu yenyewe taa zikiwaka, kati ya chanya na hasi ya balbu. Kama betri ina 27.5 na balbu inapata 24.5, umepoteza zaidi ya asilimia 10 njiani. Na mwanga haupungui kwa asilimia 10 pamoja na volti: unapungua kwa asilimia 30 hivi. Kwenye barabara ya Musoma usiku, kati ya Magu na Lamadi, baiskeli isiyo na taa inaonekana umechelewa.

Wekeni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Rilei 2 za volti 24, moja ya mwanga wa chini na moja ya mwanga wa juu. Angalieni maandishi, ya volti 12 itaungua siku hiyo hiyo. Kutoka betri, ndani ya sentimita 30, fyuzi. Kisha waya wa milimita za mraba 4 hadi mbele, kwenye pini namba 30 ya kila rilei. Kutoka pini 87, waya wa 2.5 hadi kwenye taa. Waya wa zamani uliokuwa unawasha taa sasa uende pini 86, na pini 85 iende ethi. Swichi ya zamani inabaki na kazi nyepesi ya kuamuru tu. Balbu ya H4 ya volti 24 ni wati 75 kwa 70; mbili zinakula kama amperi 6, hivyo fyuzi ya amperi 10 kwa kila mwanga. Na hasi? Hasi ya kila taa msiiachie bati la bampa lenye kutu. Vuteni waya wa 2.5 kurudi hadi kwenye bolti moja safi ya chesisi. Umeme unaotoka?

(Ukumbi: Lazima urudi!)

Taa za LED ni nzuri kwa nyuma na ubavuni, hazili umeme mwingi na hazikatiki kwa mtikisiko. Nunueni zilizoandikwa 10–30V. Kwa mbele, badilisheni taa nzima. Balbu ya LED ndani ya kioo kilichochongwa kwa ajili ya waya unaowaka inatawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Na mkiweka LED kwenye indiketa, flasha ya zamani itapepesa mbio au haitapepesa kabisa, kwa kuwa inategemea umeme unaovutwa na balbu za wati 21. Iondoeni, wekeni ya kielektroniki ya volti 24.

Kuhusu dainamo, mashine ya kuchaji ya kabla ya olteneta, nitakwenda haraka. Lori lililobaki na dainamo halichaji likiwa taratibu. Kwenye foleni ya Mabatini jioni, taa zinawaka, wipa zinafuta, dainamo inazunguka bure. Kuibadilisha kwa olteneta ya volti 24, amperi 55 hadi 80, ni kazi ya siku moja, ila ina mitego.

Puli zinyooke mstari mmoja, mkanda ukibonyezwa kwa gumba katikati ushuke milimita 10 hadi 13. Kile kisanduku cha zamani cha regyuleta na katauti, kilichokuwa kikidhibiti chaji ya dainamo, kiondolewe kwenye mzunguko kabisa, msikiache kwa ajili ya urembo kikiwa bado kimeungwa. Waya mkuu wa olteneta uwe wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya amperi 100 upande wa betri. Taa ya chaji kwenye dashibodi iwe hai, balbu ya volti 24 ya wati 3 hivi, kwa sababu kwenye olteneta nyingi balbu hiyo ndiyo inayoiamsha. Ikikatika, olteneta nzima inalala, na fundi asiyejua anaishusha na kuipeleka kufunguliwa. Amita ya zamani ya dashibodi iliyokuwa inapitisha chaji yote ndani yake haitamudu amperi 80. Itageuka jiko nyuma ya dashibodi. Iruke, weka voltimita mahali pake. Injini ikiwa kwenye mzunguko 1,500 na taa zinawaka, betri zisome kati ya 27.6 na 28.4. Zikipita 29, regyuleta imechoka.

Swichi kuu ya kukata umeme izimwe baada ya injini kusimama, kamwe isizimwe injini ikiunguruma: volti zinaruka, daiodi zinapasuka. Na mchomeleaji akija kuunga bodi, fungueni betri na olteneta kwanza, na ethi ya mashine yake ibanwe sentimita chache kutoka anapochoma. Mnaelewa kwa nini. Umeme wake nao unatafuta njia ya kurudi, na ukiikosa utapita ndani ya beringi zenu.

La mwisho ni nyaya, na mji wetu huu.

Ziwa letu halina chumvi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tunapakia chumvi wenyewe. Lori linabeba kayabo, wale samaki wa chumvi, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye mbao za bodi, yanashuka kwenye chesisi, yanatua juu ya bolti za ethi na plagi ya trela. Lori lililobeba kayabo lioshwe chini kwa maji mengi matamu siku hiyo hiyo. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, chukua vijiko 2 vya magadi soda kwenye nusu lita ya maji, mwagia, subiri povu litulie, suuza, kausha. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, soda isiingie ndani.

Nyaya za malori ya Marekani zina vipete vya chuma vyenye namba kwenye ncha zake. Msivitupe! Namba hizo ndizo ramani yenu: waya wenye namba ile ile ni mzunguko ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkibadilisha waya, hamisheni kipete. Na msing'oe wayaringi yote kwa mpigo mmoja mkaiacha imelala sakafuni kama utumbo wa ng'ombe. Badilisheni mzunguko mmoja, uwasheni, upimeni, ndipo muende wa pili.

Kusokota waya na kuzungusha tepu tuache. Kwa unyevu huu wa alfajiri kando ya ziwa, na kwa joto la injini, gundi ya tepu inayeyuka, maji yanapanda ndani ya nyuzi, na miezi michache baadaye waya umekuwa mweusi mkono mzima. Tumieni viungo vya kubana, juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Lehemu peke yake inafanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi unaukata pale pale ugumu unapoishia. Shikizeni wayaringi kila sentimita 20 hadi 30, na kila inapopita kwenye bati, tundu liwe na mpira. Fyuzi inalinda waya, hivyo ipimeni kwa unene wa waya: wa 1.5 usipewe zaidi ya amperi 15, wa 2.5 usipewe zaidi ya 20. Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuteni shoti. Mwenye kuweka msumari mahali pa fyuzi amegeuza waya kuwa fyuzi, na waya huo uko chini ya kiti cha dereva.

Lori likilala na kuamka betri imeisha, zima kila kitu, fungua hasi, weka mita kwenye amperi kati ya kichwa cha betri na kebo. Msipige stata mita ikiwa hapo. Lori lisilo na kifaa cha elektroniki lisome karibu na sifuri. Likisoma nusu amperi, ng'oa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke. Uliyoishika ndiyo yenye mwizi. Nusu amperi inamaliza nusu ya betri za N100 kwa siku 4.

Vijana, mita tatu ziko mezani. Nje kuna lori limeegeshwa, hatujaligusa tangu lilipofika, mwenyewe anasema limebadilishiwa betri mara mbili mwaka huu. Wawili washike mita, mmoja apande kwenye usukani, mwingine avute kebo ya kuzimia. Ncha nyeusi kwenye risasi ya betri, nyekundu kwenye bodi ya stata. Someni kwa sauti kila mtu asikie, tuiandike ubaoni, ndipo tuchukue spana namba 17 tufungue ile bolti iliyopakwa rangi ya kijani chini ya sanduku la betri.